Kibali Kilisema Mwisho Mtoni, Mie Nikamwambia Avuke

Mpendwa Bi Tamima, msaada nauomba, na kabla hujaanza kunisaidia nakwambia mapema kwamba sikuzoea kukaripiwa, mie ndiye mkaripiaji katika nyumba hii, na kila anayepita barazani kwangu hapa Ibra, Omani, analijua hilo, kwa hiyo ukinijibu nijibu kama mtu mzima mwenzio. Naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu kama nilivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwani skuli sikwenda, baba alisema skuli itanizidishia mdomo, na wa kumwambia aniandikie sina, maana nitakayoyasema humu hapana mtu wa nyumba hii anayeyajua, na siku akiyajua sidhani kama ataniamkia tena. Jina langu usilitie gazetini, na ya watu wangu yageuze.

Nina mjukuu, Adham, mtoto wa mwanangu Majid, umri wake ishirini na minne, kazi anayo, sala anasali, ila ana wazimu mmoja nao ni wa kuwinda. Tangu yuko skuli alikuwa akitoka na wenziwe kwa gari kwenda kwenye mchanga huko kufukuza paa, na kuwinda paa nchi hii serikali imekataza, mtu anafungwa, na mwaka juzi walinzi walimsimamisha na bunduki ndani ya gari, bahati yake hakuwa na nyama, wakamwachia kwa kumuonya, na baba yake akamwambia, "Mara ya pili usinipigie simu mimi, mpigie huyo paa akutoe." Baada ya hapo mtoto akawa hana raha, akirudi kazini anakaa tu, anaisugua ile bunduki kama mtu anayemwogesha maiti, na mie nikamwonea huruma, na huruma yangu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nikamwambia, "Wacha kufukuzana na paa wa serikali, nitakupeleka penye nyama." Maana mie sikuzaliwa Ibra, nimezaliwa bara, mkoa wa Tabora, kijiji kilicho mbele ya Sikonge, ng'ambo ya mto, ambako baba yangu Hamed alikuwa na duka la nguo na chumvi, akinunua nta na asali, na kila kiangazi akiwinda kongoni nyuma ya duka, na hapana aliyemuuliza karatasi, akimpelekea mtemi mguu mmoja wa nyama basi yamekwisha, na baba kazikwa huko huko. Haya nimeyasema katika nyumba hii miaka thelathini na moja, tangu tulipokuja sabini na mbili, hata wanawake wa hapa wakija kunywa kahawa huchekana, "Leo bibi anatupeleka tena bara," nami huwajibu, "Nakupelekeni kwa sababu hapa hamna pa kwenda."

Kaka yangu Zuhair yeye hakuja nasi. Alikuwa amemuoa Mnyamwezi, Kalunde, akasema hamwachi mkewe kwa ajili ya mitende asiyoipanda, akabaki, na huko kafa, na mwanawe ni Nadhir, ambaye nilimwacha ana miaka saba, na kabla ya hapo nilimbeba mgongoni mwaka mzima mama yake alipokuwa mgonjwa. Sijamuona tena. Namjua kwa sauti. Lakini kila Idi yeye hunipigia kabla ya wanangu niliowazaa, "Shikamoo shangazi, naibusu mikono yako," na kila akipata mtu wa kuja huku hunitumia asali, kwani kazi yake ni kurina.

Basi nikampigia, nikamwambia nataka mwanangu aje awinde kongoni kwetu, na Nadhir hakuuliza kwa nini, alisema, "Naam shangazi," akaanza kuhangaika. Bi Tamima, mie nilidhani ni kusema tu. Kumbe siku hizi mgeni hapati kibali cha mwananchi, labda apite kwa makampuni wanayopita Wazungu, kwa hiyo ikabidi kibali kiwe cha Nadhir, bunduki ya Nadhir, aliyoirithi kwa babaye, na Adham afuatane naye kwa miguu tu, asiiguse. Miezi mitatu alikwenda na kurudi. Akienda wilayani kwa afisa wa wanyamapori, anaambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji, akienda kwa mtendaji anaambiwa mpaka kamati ikae, kamati ikikaa muhuri haupo, umekwenda na mwenyekiti msibani. Halafu ikabidi awaombe wenye mashamba ya tumbaku na wafugaji watakaopita kwao, mmoja mmoja, na kila akitoka kwa mtu ananipigia kunieleza, na mie namfundisha la kusema, maana nilitaka mambo yaende kwa heshima. Mzee mmoja alimuuliza, "Mgeni wako ni wa nani?" akajibu, "Wa binti Hamed," mzee akasema, "Yule aliyekuwa akimgombeza hata baba yake? Bado yu hai? Mpitishe mtoto, asije akatugomba sisi." Nikacheka siku ile mpaka nikalia.

Kibali kikatoka. Kongoni mmoja na swala wawili, eneo la wazi, upande wa mashariki, mwisho mtoni. Nadhir alinisomea neno kwa neno. Hilo la mwisho mtoni nililisikia, na sikuliuliza.

Adham akaenda, wakakaa porini siku nne hawakuona kitu ila nyayo za ng'ombe, na siku ya nne mchana Nadhir akanipigia, alikuwa amepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na mazungumzo yale nitayasema yote kwa sababu ndiyo dhambi yenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmepata?"

"Bado. Upande huu sasa ni mashamba matupu, wanyama wote wako ng'ambo. Nimekupigia unisaidie kumwambia Adham, asione kuwa sikumtafutia."

"Kama wako ng'ambo si mvuke?"

"Ng'ambo ni hifadhi, shangazi. Kibali chetu hakifiki."

"Hifadhi ya nani? Huko ndiko kwetu. Babu yako kalala huko."

Akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "Shangazi, kwetu hapapo. Walituhamisha sabini na nne, wakati wa vijiji vya ujamaa. Nyumba zikavunjwa, duka la babu nalo. Hapakai mtu. Hata kwenda kusoma Fatiha kaburini tunaomba ruhusa. Baba hakukwambia?"

Hakunambia. Miaka yote marehemu kaka yangu akiandika barua anasema, "Huku nyumbani sote salama." Na mie huku nawahadithia watu mlango wa duka na njia ya kisimani, kumbe nahadithia nyasi. Sikulia, Bi Tamima. Ningalilia ningalipona. Nilipandwa na hasira, na hasira yangu nikaimwaga kwa yule aliyenambia kweli. Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kunifundisha nchi ya baba yangu? Mvushe mwanangu akasome Fatiha, na mnyama ampate pale pale alipokuwa akimpata babu yako. Usipomvusha, mie si shangazi yako, radhi yangu usiitafute, na Idi usinipigie."

Kisha akasema, "Naam, shangazi. Umesema."

Nikaweka simu, nikaenda kupika kahawa, na wallahi nilikuwa nimefurahi, nilijiona nimeshinda.

Asubuhi yake wakavuka. Kaburi wamelikuta, Adham anasema mawe yapo, nyasi zimefika kifuani, wakasoma Fatiha, na kongoni alikuwa amesimama si mbali nao, Nadhir akampiga risasi moja. Hawajamaliza kuchuna askari wa wanyamapori wakawafikia. Nadhir akawaambia, "Huyu ni mgeni, mpaka haujui. Mimi naujua, na mimi ndiye niliyepiga." Adham wakamhoji, wakatazama pasi yake, wakamwachia apande ndege yake. Nadhir wakampeleka mahabusu Tabora, na yuko huko tangu mwezi wa tisa.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Adham karudi na chupa mbili za asali alizotumwa aniletee, akakaa majlis, chumba cha wageni, mbele ya baba yake na ami zake, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Bibi, Ami Nadhir katupoteza. Ile mpaka anaijua, kibali imeandikwa, halafu kanipeleka. Mimi ningefungwa huko, wallahi." Kumbe Nadhir hakumwambia kuwa ni mie niliyemwamuru. Alimwambia tu, "Twende nikakuonyeshe kwenu." Majid akasema, "Khalas, jina lake lisitajwe tena hapa." Wote wakanitazama mie, kwani ni mtoto wa kaka yangu, wakingoja niseme neno, na neno nililolisema, kwa mdomo huu huu, ni kwamba watu wa bara ndio walivyo, ukiwapa mkono watakuvuta bega. Mie, niliyezaliwa huko. Kisha nikawapitishia halua.

Mwezi uliopita Kalunde akanipigia. Hajawahi kunipigia tangu kaka alipokufa. "Wifi," akasema, "nina neno moja tu. Hakimu kamuuliza mwanao, kibali hiki unajua kukisoma? Kasema ndiyo. Mpaka unaujua? Ndiyo. Basi kwa nini ulivuka? Kanyamaza. Wakili kamuuliza, kanyamaza. Mie mamaye nimemuuliza dirishani, ananambia, mama usinichoshe. Asiposema watamwita jangili, na jangili hahurumiwi. Siku ile kabla hawajavuka alizungumza nawe. Alikwambia nini?"

"Aliniamkia tu."

"Basi?"

"Basi."

Akasema, "Haya wifi, nilidhani labda," akakata simu. Labda nini hakusema.

Na la kunimaliza ni hili. Mwaka huu, baada ya kungoja miaka kumi na moja, jina langu limetoka la kwenda Hija. Msafara unaondoka Ibra tarehe kumi na nane Januari. Kesi ya Nadhir inasomwa tarehe kumi na tisa. Unaijua desturi yetu, anayekwenda Hija hupita kwa kila mtu kuomba msamaha, na watu humjia, na nyumba yangu sasa imejaa, asubuhi wanawake, jioni wanaume, "Bibi tusamehe, bibi utuombee," na mie nasema nimekusameheni, nisameheni nanyi, kama maji. Hata yule jirani niliyemwita chongo nimemuomba msamaha, tukacheka. Kila akitoka mtu nahesabu aliyebaki, na aliyebaki ni mmoja.

Ile asali sijaifungua. Niambie, niende Hija nikamwombee Nadhir mbele ya Nyumba ya Mungu, dua ya huko hairudi? Au nimpelekee Kalunde fedha za wakili mkubwa, kimya kimya, bila ya kusema zimetoka wapi? Au niseme, na nikisema Adham atanitazama kwa macho gani, mtoto niliyemlea, na Majid, na hawa wanawake wote? Na kusema kwangu kutamtoa, au nitajivua nguo bure, mtoto abaki ndani na mie nibaki uchi?

Shangazi mtu, Ibra

*

Bibi mwenzangu wa Ibra,

Umesema hukuzoea kukaripiwa. Kaa chini ujizoeze, kwani hakuna wa kukukaripia tena katika nyumba hiyo, na hilo ndilo lililokuharibu.

Kwanza pole. Nakupa pole ya kweli, nisije nikaisahau huko mbele nikishapandwa na hasira. Nimeisoma barua yako mara mbili, na pale uliposema unahadithia nyasi niliiweka chini nikatoka nje. Mimi nimetoka Ujiji. Ninao mlango wangu nilioufunga sitini na saba, na ufunguo wake ninao kwenye sanduku, na sijamuuliza mtu yeyote kama nyumba ingali na mlango. Sote tulifungasha nchi tukaja nayo, tukasahau kwamba kuna waliobaki wakiishi ndani yake, wakahamishwa, wakavunjiwa, wakaanza upya, na kila Idi wanatupigia simu kutuambia wote salama ili sisi tusiumie. Kaka yako alikuficha kwa kukupenda. Mwanawe akakwambia kwa sababu ulimlazimisha. Na malipo yake ukampa hayo uliyompa.

Sasa nisikilize. Ulimtoa mjukuu wako mchangani asije akafungwa kwa ajili ya paa, ukamfunga mtoto wa kaka yako kwa ajili ya kongoni. Umeliona hilo? Umeandika kurasa nne hukuliona. Miezi mitatu ulimpigisha Nadhir hodi kwa mtendaji, kwa kamati, kwa wenye tumbaku, kwa wenye ng'ombe, ukamfundisha maneno ya heshima ya kumwambia kila mmoja, mpaka mzee wa watu akakupitishia mtoto wako kwa kukukumbuka. Heshima yote hiyo ukaivunja kwa simu moja, kwa sababu uliona haya mbele ya mtoto mdogo aliyekuwa anajua kitu usichokijua.

Na radhi, bibi. Radhi si fimbo. Mtoto akiambiwa "radhi yangu usiitafute" hana tena pa kusimama, si kwa Mungu wala kwa watu. Askari angemwambia avuke asingevuka, afisa wa wilaya asingevuka. Kavuka kwa sababu mwanamke aliyembeba mgongoni kamtishia kumtupa. Wewe unaita kushinda.

Unaniuliza kwa nini mahakamani ananyamaza? Hukuniuliza, ulipita juu yake haraka, lakini ndilo swali lenyewe, na Kalunde analijua jibu lake zaidi yako. Anakungoja wewe. Kijana huyu bado anatii. Hawezi kusimama mbele ya watu kusema shangazi yangu aliniamuru, kwani kwa malezi yake huko ni kukuvua nguo, na anaona afadhali afungwe. Kuna vibali alivyovitafuta akavipata vyote. Kimebaki kimoja, cha kumruhusu aseme, na hicho hakuna ofisi inayokitoa ila mdomo wako.

Kwa hiyo usiulize kama utamtoa. Mimi sheria siijui, na huenda hakimu akasikia yote akasema sheria ni sheria, kibali kilisema mwisho mtoni. Huenda akampunguzia, huenda asimpunguzie. Lakini mtu aliyevuka kwa tamaa na mtu aliyevuka kwa kumtii mkubwa wake na kusoma Fatiha kaburini hawapimwi kwa kibaba kimoja hata na hakimu mkali, na hata wakipimwa kimoja, mama yake atakuwa anajua amemzaa mtu wa namna gani. Sasa hivi hajui.

Fedha za kimya kimya usimpelekee. Kalunde hakukuomba fedha. Kakuuliza neno, ukamjibu uwongo, na uwongo haulipiwi wakili. Ukitaka kumlipia, mlipie kwa jina lako, mchana kweupe, baada ya kusema.

Na Hija. Mimi si sheikh, na wewe usimuulize mwanamke wa gazetini mambo ya dini yako, nenda kwa sheikh wenu hapo Ibra, mwambie yote kama ulivyoniambia mimi, usimpunguzie hata tone. Lakini hili moja tulifundishwa sote chuoni, mimi na wewe, tukiwa watoto: haki ya Mungu Mungu anaisamehe, haki ya mja inangoja mja mwenyewe. Umemuomba msamaha jirani kwa kumwita chongo! Huo ulikuwa mwepesi, mna cheko lenu. Huwezi kuipita Tabora ukaenda Makka. Miaka kumi na moja umengoja, najua, na hilo linaniuma kwa niaba yako, pengine miguu haitakubali tena mwakani, na pengine jina halitatoka. Ndiyo gharama yake. Sikufichi.

Hofu yako ya Adham naielewa kuliko zote. Atakutazama vibaya. Mwache akutazame. Kijana huyo umemfanya amseme vibaya mtu aliyemkinga kwa kifua chake, na kila siku anayokaa hajui, unamzidishia deni kwa ami yake. Ni mtoto mzuri, umesema mwenyewe. Mtoto mzuri akijua atanuna, hatakuamkia siku mbili tatu, pengine zaidi, kisha atakuuliza ndege inaondoka lini. Na asipouliza, utakuwa umejua umelea nini, na hilo nalo ni vizuri kulijua ukiwa hai.

Basi fanya hivi, na usinigeuzie maneno. Leo hii, wageni wa Hija wakiwepo, usingoje waondoke, maana ulimsema Nadhir mbele ya watu na mbele ya watu ndiko utakakomsafisha. Mwite Majid, mwite Adham, mwite na kila aliyekula halua siku ile. Waambie ile simu neno kwa neno, kama ulivyoniandikia. Usianze na "nilikuwa nimeghadhibika". Anza na "Nadhir alinikataza". Watanyamaza, wache wanyamaze, usiwajaze kahawa.

Kisha mpigie Kalunde. Mwambie, "Wifi, nilikudanganya." Akilia usimnyamazishe. Akikutukana, mwitikie. Mwombe amfikishie mwanawe maneno haya siku ya kumtazama, kabla hata hujafika: shangazi yako anakwambia useme, na radhi zake zote ni zako, hazikuondoka hata siku moja. Hakikisha ni kweli unapoyasema.

Halafu kata tiketi ya Dar es Salaam, wewe na Adham. Majid akitaka aje, asipotaka mwache na ukali wake. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wasije wakakurudisha uwanjani ukapata kisingizio. Tabora ni mbali na wewe ni mzee, njia itakuchosha, na itakupasa ukichoka usilalamike hata mara moja. Ukifika nenda moja kwa moja kwa huyo wakili wao, akusikilize, akupeleke mbele ya hakimu, na pale simama kwa miguu yako, sema jina lako lote na la baba yako, useme ulichokisema kwenye simu. Wakikuuliza kama hukujua kuwa ni makosa, usijitetee. Ulisikia "mwisho mtoni" na hukuuliza.

Nadhir ukimuona atataka kukubusu mikono. Usimpe. Mwombe msamaha kwanza.

Barua yako imenifikia tarehe tatu na gazeti linatoka tarehe tisa. Una siku kumi. Mimi usiniandikie tena kunishukuru wala kunieleza, sina haja. Simu ile ile uliyomwamuru nayo Nadhir avuke, Kalunde anaingoja ilie kwake.

Bi Tamima